Kiingereza Unakijua, Mdomo Ndio Unaogoma

Swali hili hunifikia kila muhula. Mwanafunzi huniambia: nikisoma naelewa, nikiandika napata alama za kuridhisha, lakini mwalimu akinisimamisha niseme sentensi mbili za Kiingereza, maneno yote yananitoroka na jasho linanitoka. Mzazi huliuliza kivyake: mbona mtoto ana akili, lakini mgeni akimsalimu kwa Kiingereza anatazama vidole vya miguu? Mwalimu naye hulalamika kwamba darasa zima limenyamaza, wanaoinua mikono ni wale wale wa dawati la mbele.

Wengi wanaouliza wametoka sehemu kama Kishushe, upande wa chini wa milima ya Taita, jirani na Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Huko mtoto hukua na Kidawida nyumbani, Kiswahili dukani na kwenye matatu ya kupanda Wundanyi, na Kiingereza hukutana nacho darasani tu. Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, Kiingereza kinafungiwa ndani pamoja na madawati. Lugha usiyoitumia kuomba chumvi wala kutaniana na rafiki, unayoijua kwa kusahihishwa tu, haikosi kutisha.

Nina jambo moja la kukwambia, na mengine yote humu yanatokana na hilo. Usingoje ujasiri uje ndipo uzungumze, kwa sababu ujasiri huja baada ya kuzungumza. Na hofu yako mara nyingi haitokani na sarufi, inatokana na yule anayekusikiliza. Kwa hiyo kabla hujanunua kitabu kingine cha sarufi, badilisha kwanza wasikilizaji.

## Jipime kwanza

Kuna anayesema "naona haya" kumbe hajui maneno, na kuna anayesema "sijui" kumbe anaona haya. Dawa zao ni tofauti. Toka nje, mahali pasipo na mtu, useme kwa sauti kwa dakika moja mambo uliyofanya tangu asubuhi, kwa Kiingereza.

- Ukikwama karibu kila neno, tatizo ni msamiati. Soma hadithi fupi fupi, vitabu vya madarasa ya chini yako bila aibu, kisha urudi kwenye makala haya.
- Ukimaliza dakika hata kwa makosa, lugha unayo.
- Ukiweza peke yako, ukaweza mbele ya mdogo wako, kisha ukashindwa mbele ya darasa, basi ni wewe hasa ninayekuandikia.

## Vicheko viwili

Cha kwanza kinampata anayekosea. Amesema "sink" badala ya "think", darasa limeangua kicheko, na wiki nzima anaitwa kwa neno hilo. Kukosea matamshi namna hiyo wanafunzi hukuita kushrabu, na kila mtu amewahi kushrabu.

Cha pili kinampata anayepatia. Ametamka vizuri, ametoa sentensi iliyonyooka, na wenzake wanaguna: "Ona huyu, siku hizi ni mzungu." Watu wazima hukizungumzia kicheko cha kwanza tu. Mimi naona hiki cha pili kinanyamazisha wengi zaidi, tena walio bora. Mtoto anajua jibu, anajua namna ya kulitamka, na bado analitamka vibaya kusudi ili asitengwe na wenzake. Ukimwangalia kwa haraka utadhani hajui.

Kwa kicheko cha kwanza:

- Rudia neno sawasawa, uendelee na sentensi yako. Usisimame kuomba radhi, usitazame nani anacheka. Kicheko hutafuta uso uliofadhaika. Kisipouona kinakatika chenyewe.
- Ukiweza kucheka nao, cheka. Ukishindwa, usijilazimishe, maana cheko la kulazimisha huonekana.
- Mchekaji mkuu akiwa rafiki yako, mweleze mkiwa wawili, usimkabili mbele ya watu. Wengi hawajui kwamba wamekunyamazisha.
- Kabla hujalalamika, jiulize wewe mwenyewe umemcheka nani wiki hii.

Kwa kicheko cha pili, kipe Kiingereza mahali pake. Kwenye foleni ya maji ongea kama wenzako. Bibi mwamkie kwa Kidawida, kwa heshima zote. Anayejua kuwaamkia wazee kwa lugha yao hashikwi kirahisi na jina la maringo. Kiingereza kizungumze na yule mliyekubaliana naye, au pale kazi inapokidai. Anayechukiwa na watu ni yule anayewatupia Kiingereza watu ambao hawakukiomba, na hapo sioni kosa lao.

## Ngazi ya masikio

Hii ndiyo sehemu ya kufanyia kazi. Kila hatua ina wasikilizaji wake, na ukishaanza, usiruke.

1. Peke yako. Chukua ukurasa ambao tayari umeuelewa, usome kwa sauti unapochunga mbuzi au ukiwa jikoni. Soma polepole hadi ulimi uzoee. Mbuzi hatoi alama.
2. Mdogo wako. Mfundishe ulichojifunza leo, kwa maneno mepesi. Yeye anakuona wewe ni bingwa, na hilo lenyewe ni mazoezi ya kujiona vingine.
3. Rafiki mmoja njiani. Wekeni mipaka: kutoka dukani hadi kwenye ule mti mkubwa, Kiingereza tu. Mkifika, rudini kwenye lugha zenu. Kipande kifupi kinachofanyika kila siku kinashinda agizo la kuongea Kiingereza tangu asubuhi hadi jioni, ambalo siku ya pili limeshavunjika.
4. Kikundi cha watatu au wanne. Kila mmoja aeleze swali moja la kazi ya ziada.
5. Mwalimu, nje ya darasa. Swali moja, uliloliandaa. Walimu wengi huwa wapole zaidi mlangoni kuliko ubaoni.
6. Jibu moja darasani. Liandae usiku wa kuamkia somo. Inua mkono mapema, kwa swali jepesi. Anayengoja zamu imfikie hupigwa na moyo nusu saa nzima. Anayetangulia amemaliza na sasa anasikiliza wenzake.
7. Paredi, mdahalo, kusoma habari mbele ya shule. Huku utafika, lakini usianzie huku.

Kwenye kila ngazi kaa hadi uichoke. Kuchoka ni dalili nzuri, maana yake hofu imeisha. Ukianguka ngazi ya sita, rudi ya nne. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mwanafunzi anayetahayari siku moja mbele ya darasa, kisha anaacha hata kusoma kwa sauti akiwa peke yake.

Utaniambia: "Sina simu." Hakuna hatua hata moja hapo juu inayohitaji simu. Nyumbani ikiwapo, jirekodi ukisoma, kisha jisikilize. Utaichukia sauti yako. Karibu kila mtu huichukia mara ya kwanza, kwa sababu umezoea kuisikia ikipitia pia kwenye mifupa ya kichwa chako. Siku ya nne utakuwa umeizoea. Vitabu vya hadithi vinapatikana kwenye maktaba za umma za Wundanyi na Voi, na redio ya KBC ya Kiingereza ni mwalimu asiyecheka mtu.

## Simulia unachokijua wewe

Wanafunzi wengi wanajifunza kuongea kwa mada za mbali: uwanja wa ndege, theluji, likizo ufukweni. Wanatafuta maneno na mambo ya kusema kwa wakati mmoja, na yote mawili yanawashinda. Anza na jambo ambalo hata ungeamshwa usiku ungelisimulia.

Kwa mtoto wa Kishushe, chukua ndovu. Wameingia shambani usiku, baba amepiga debe, majirani wametoka na tochi, mahindi nusu yameisha, asubuhi njia ya shuleni ina kinyesi kibichi na hakuna anayejua kama wameondoka. Mwenzako wa mjini mwenye Kiingereza cha kuteleza hana kisa kama hicho. Akikusikia atataka kujua mwisho wake, na mtu anayetaka kujua mwisho hana muda wa kuhesabu makosa yako.

Tuseme umeanza hivi: "Yesterday night elephants they have come in our shamba, they are eating maize, we was fearing."

Mwalimu mwenye haraka ataona makosa mengi na atayataja yote. Ukishatajiwa yote, kesho hutasema chochote. Afadhali uchague moja. Hapa kosa linalochanganya msikilizaji ni wakati: mambo yameshatokea jana, vitenzi vinaruka huku na huku. Anza na hilo, na mengine yatanyooka kidogo kidogo hadi ufike hapa: "Elephants came to our shamba last night. They ate the maize. We were afraid." Sentensi zimekuwa tatu fupi badala ya moja ndefu, na kila moja inasimama. Kesho simulia kisa hicho hicho kwa mtu mwingine, uongeze debe la baba. Keshokutwa ongeza tochi. Kisa kimoja ukikisimulia kwa watu wanne kinakufundisha kuliko visa vinne ulivyovisimulia mara moja moja.

Visa vingine vya kuanzia: jinsi ya kupika ugali usishike sufuria, siku ya soko, mechi ya Jumapili, malori ya mawe ya chuma yanavyotimua vumbi.

## Lafudhi

"Natamka kama mtu wa kijijini." Unatamka kama Mkenya. Mahakamani, Bungeni na kwenye taarifa za habari utasikia lafudhi za kila pembe ya nchi, na mambo yanaendelea. Hakuna anayekudai uongee kama mtu wa London. Kinachodaiwa ni ueleweke, na hapo kuna mambo machache ya kunyoosha.

- "Think" na "this". Hizi sauti unazo tayari. Ya kwanza ni ile ya *thelathini*, ya pili ni ile ya *dhahabu*. Sema neno la Kiswahili kwanza, kisha la Kiingereza.
- Mwisho wa neno. Kiswahili hupenda kumaliza kwa irabu, kwa hiyo "book" inageuka "buku". Fungia neno kwenye konsonanti yake na uache hapo.
- Irabu. Sisi tuna tano, wao wana nyingi zaidi. "Hat", "hut" na "heart" zikitoka kinywani mwako zikiwa sawa, msikilizaji atabaki kukisia. Ziandike ukutani, uzisome kila siku.
- Mkazo. Kwetu mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao huhama: "photograph" mkazo uko mwanzoni, "photographer" uko silabi ya pili. "Interesting" huanza kwa nguvu, usiisukume katikati.

Kuiga sauti za filamu kunaniudhi kidogo, nikiri. Mwanafunzi anazungusha ulimi kama mwigizaji wa Marekani, maneno hayasikiki, na wenzake wana haki ya kucheka.

## Mwili nao una haya

Si haya zote hutoka kwenye lugha. Mvulana wa kidato cha pili sauti inamvunjika katikati ya sentensi, akadhani ni Kiingereza kilichomwaibisha. Msichana ana madoa kwenye meno, anafunika mdomo kwa kiganja anapoongea, mwalimu anamwambia "sikusikii", anarudia chini zaidi. Mwingine amerudia darasa mara mbili, ni mkubwa kuliko wote, na anaona kila kosa lake linatangaza umri wake. Mwingine sweta lake lina kiraka kwenye kiwiko, ndiyo maana hainui mkono. Hebu mfikirie huyo wa mwisho kabla hujamwita mvivu.

Yanayosaidia:

- Vuta pumzi hadi tumboni kabla ya neno la kwanza. Pupa hutokana na pumzi fupi.
- Ongea polepole kuliko unavyodhani inafaa. Mwenye hofu hukimbia ili amalize, na akikimbia hukosea zaidi.
- Tazama uso mmoja unaokupenda, si darasa zima.
- Shika kitu kidogo, kalamu au daftari, mikono itulie.
- Anayeyaonea haya meno yake aanze na kiganja: akishushe anapokuwa na rafiki mmoja, kisha wawili. Ni ile ile ngazi.
- Sauti inayovunjika itapita. Mwambie mwalimu, naye amepitia au amewaona wengi waliopitia.

## Diski, monto, na mambo ya kibao

Bado zipo shule ambako anayeshikwa akiongea lugha ya mama au Kiswahili siku ya Kiingereza huvishwa kitu shingoni, yaani diski, monto au kibao, hadi amshike mwenzake amkabidhi. Desturi hii ni ya ukoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, aliieleza katika *Decolonising the Mind* mwaka 1986: watoto walichapwa, au wakavishwa kibao cha kumwita aliyekivaa mjinga au punda, kwa kosa la kusema Kikikuyu shuleni. Wangari Maathai naye aliisimulia katika *Unbowed* mwaka 2006.

Msiniambie basi kwamba kibao ndicho kilichowafanya wawe mahodari. Ngũgĩ alitumia miaka mingi kukipinga, na akageukia kuandika riwaya kwa Kikikuyu. Kibao hufundisha kunyamaza. Mtoto anayeogopa kushikwa hachagui Kiingereza, anachagua kutosema kitu hadi saa kumi jioni.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya viboko na pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Kumvisha mtoto neno la kumtukana, kwa maoni yangu, kunaangukia humo. Na Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka nchi iendeleze lugha za asili. Kidawida si uchafu wa kufutwa mdomoni.

Ikiwa shule yako bado ina mtindo huo, usipite siku nzima umefunga mdomo. Beba sentensi za kuokoa:

- "How do you say this in English?"
- "Please give me a moment."
- "I don't know the word, but we use it for digging."
- "Let me try again."

Hiyo ya tatu ni dhahabu. Neno limekutoka, unaeleza kazi yake, mazungumzo yanaendelea. Aibu ikizidi, zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha, au mzazi alilete kwenye mkutano wa wazazi kwa upole, bila kutaja mwalimu kwa jina mbele ya watu.

## Makosa yanayojirudia

- Kuanza na "Sorry, my English is bad." Umeshamwambia msikilizaji atafute makosa.
- Kukariri maneno mazito ya kuvunja meno. Mtu anayesema "big" mahali pake anaeleweka. Anayesema neno refu asilolijua anajianika.
- Kutafsiri sentensi nzima kichwani kabla ya kufungua mdomo. Anza na mtendaji na kitenzi, mengine yatafuata.
- Kujilinganisha na aliyekulia mjini. Jilinganishe na wewe wa muhula uliopita.
- Kuandika meseji za mkato kutwa, kisha kushangaa insha imejaa "u" na "coz".

## Mtihani hausikii sauti yako

Hapa kuna habari ya kutuliza moyo kwa walio bado katika mfumo wa 8-4-4. Kiingereza cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kina karatasi tatu: ya kwanza alama 60, ya pili 80, ya tatu 60. Katika ile ya kwanza kuna alama 30 za stadi za mazungumzo, na zote huandikwa. Utaulizwa maneno yanayotamkwa sawa, mkazo uko wapi, jinsi ya kujiandaa kwa mahojiano au mdahalo, nini kilikosewa katika mazungumzo fulani. Hakuna mtahini atakayekusikia ukishrabu.

Lakini usishangilie mapema. Asiyeongea kabisa huzipoteza alama hizo kirahisi, kwa sababu hajui mkazo unakaa wapi wala mtu mstaarabu humkatizaje mwenzake. Na kwa walio katika mtaala mpya wa CBC, kusikiliza na kuzungumza ni sehemu kamili ya somo, mwalimu anakupima ukiongea.

## "Kwani Kiingereza ni akili?"

Hapana. Kuna wazee Kishushe wasiojua neno la Kiingereza wanaosoma mawingu na nyayo kuliko yeyote mwenye digrii. Ukiona mtu amepima akili yako kwa lafudhi, amejipima mwenyewe.

Lakini angalia ardhi ya Kishushe unayoikanyaga. Ina chuma. Kampuni ikija kuchimba, leseni, ramani na ripoti za mazingira huja kwa Kiingereza kizito, na kwenye baraza huwa na nguvu yule aliyezisoma na anayeweza kuuliza kuhusu ukurasa fulani. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinafundisha uhandisi wa madini, na masomo ni kwa Kiingereza. Mahojiano ya kazi kwenye hoteli za Tsavo hali kadhalika. Sababu hizi zinanitosha, sihitaji kumdharau mtu yeyote.

## Ukienda bweni

Mwanafunzi anayetoka Kishushe kwenda shule za sekondari kama Dr. Aggrey, Murray, Bura Girls au Kenyatta Mwatate hukutana na wenzake kutoka Voi na Mombasa waliotazama katuni za Kiingereza tangu utotoni. Wiki ya kwanza atadhani wote ni werevu kumshinda. Wengi wao wana mazoea tu. Subiri matokeo ya hesabu.

Ongea ndani ya siku tatu za mwanzo, kabla hujabandikwa jina la "yule mnyamavu", kwa sababu jina hilo likishakubandikwa hata wewe utaliamini. Andaa utambulisho wa sentensi nne: jina, unakotoka, jambo moja la kwenu, jambo moja unalopenda. Ukitaja kwamba kwenu mawe yana chuma na ndovu hupita shambani, watakuuliza maswali. Hapo mazungumzo yameanza bila wewe kuyatafuta, tena juu ya jambo unalolijua kuliko wao.

## Mzazi, hata kama hukusoma

Wazazi wengi hujitoa mapema: "Mimi Kiingereza sijui, nitamsaidiaje?" Kazi yako haihitaji ukijue.

- Kaa, asome kwa sauti, kisha akueleze kwa Kidawida au Kiswahili alichosoma. Akishindwa kueleza, utajua hakuelewa.
- Usimwagize azungumze Kiingereza mbele ya wageni kama anayeonyeshwa sokoni.
- Usimlinganishe na binamu yake wa Nairobi.
- Usimkataze lugha ya nyumbani ukidhani unamsaidia. Mtoto anayesimulia vizuri kwa Kidawida ana mpangilio wa kusimulia; Kiingereza kitauazima.

## Mwalimu, mambo matatu tu

Ngoja. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na wakisubiri tatu au zaidi majibu huwa marefu na wanaojitokeza huongezeka. Mtoto anayetoka Kidawida, anapitia Kiswahili, kisha anafika Kiingereza anazihitaji hizo sekunde kuliko mtu yeyote.

Waache wajibu wawili wawili kabla ya mmoja kusimama. Na ukisahihisha, rudia sentensi ya mtoto ikiwa sahihi huku ukiendelea na mazungumzo, kama vile umemkubalia. Ataisikia. Kelele ya "Wrong!" itasikiwa na darasa zima, yeye ataikumbuka hadi uzee.

## Maswali mafupi

Nimefika kidato cha tatu, nimechelewa? Hapana. Una visa vingi na msamiati mwingi kuliko wa darasa la sita. Anza ngazi ya pili, si ya kwanza.

Mwalimu wangu mwenyewe hushrabu. Nifanye nini? Msikilize kwa maana, jifunze matamshi redioni. Na usimsahihishe mbele ya darasa. Unajua sasa inavyouma.

Nachanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Ukiwa na marafiki, hakuna tatizo. Kwenye kile kipande cha njia mlichokubaliana, jaribu kukaa kwenye lugha moja.

Nitajuaje kama naendelea? Tenga daftari moja dogo. Kila jioni andika mambo mawili: uliongea Kiingereza na nani, na neno gani lilikutoka. Kesho yake tafuta neno hilo ulitumie kwa mtu yule yule. Kurasa zikianza kuwa na majina mapya, unapanda. Ukiona kwa mwezi mzima jina ni la mdogo wako tu, kesho asubuhi ngoja rafiki yako njiani mwanze kile kipande cha hadi kwenye mti.